Kimemo Hujibiwa kwa Barua

Ndugu zangu wa Arusha na Meru,

Kimemo tunakijua: mistari miwili, saini ya mheshimiwa, na ombi la upole kwamba mleta barua asaidiwe. Kikishaingia ofisi ya ardhi, uwanja wa wazi wa mtaa huota ukuta. Kikiingia manunuzi, zabuni hupata mshindi kabla haijafunguliwa. Siku mambo yakiharibika, ofisa aliyetii hubaki na kesi. Mwenye saini hubaki na kiti chake.

Mei 2022 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alimsimamisha kazi mkurugenzi wa Jiji la Arusha pamoja na watumishi wengine, kwa tuhuma za ubadhirifu wa fedha za umma. Tulipiga makofi, tukarudi kwenye masoko ya Kilombero na Tengeru kuendelea kulipa ushuru. Hatukuuliza tena. Je, kila mara tungoje agizo kutoka juu?

Wazee wetu hawakungoja. Walipohamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki mwaka 1951, Wameru walichangishana, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafikisha malalamiko yao Umoja wa Mataifa, New York. Ardhi hawakurudishiwa papo hapo, lakini Mwingereza aliyewatawala alilazimika kujieleza mbele ya dunia.

Nasi tuanze na hilo: wakubwa wajieleze. Kila mtaa na kila kijiji kiandike barua kwa mkurugenzi wa halmashauri yake, kwa Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2016. Tuombe jambo moja linaloshikika: mkataba wa barabara yetu, au orodha ya viwanja vilivyogawiwa. Sheria inampa siku 30 kujibu. Tubaki na nakala yenye muhuri wa mapokezi, maana barua isiyo na muhuri hupotea mezani.

Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuhusu halmashauri yetu isomwe kwa sauti kwenye mkutano wa mtaa, diwani akiwa amekaa mbele. Baraza la madiwani likikutana, twende tukasikilize. Na mwenye ushahidi wa kimemo apige 113, namba ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, badala ya kuusimulia kijiweni.

Asiyejua kuandika aweke dole gumba. Tusimtume mtu mmoja akaonekane mkorofi. Twende kumi, ishirini, mama wa sokoni na dereva wa bodaboda pamoja.

Wiki hii itisheni kikao. Andikeni, gongesheni muhuri, kisha anzeni kuhesabu siku.