Mwenye Shibe Hamjui Mwenye Njaa



Wapendwa Taifa la Mungu, siku hizi yanasikika mahubiri mapya. Hutolewa katika makongamano na semina, mara nyingi ndani ya kumbi zenye viyoyozi, nayo humwambia mama wa Igombe kwamba yeye na gunia lake la mkaa ndio wanaoangamiza misitu na kuiharibu dunia. Juma hili napenda kuyapinga mahubiri hayo. Siutetei mkaa, napinga kumkemea kwanza yule aliyestahili kusaidiwa kwanza.

Tuanze na hesabu, maana haki isiyo na hesabu hugeuka porojo. Kwa takwimu za Benki ya Dunia za mwaka 2014, Mtanzania mmoja alitumia kwa wastani takribani uniti 100 za umeme kwa mwaka mzima, na Mmarekani mmoja takribani 13,000. Lakini tusikimbilie kunyoosha kidole ng'ambo ya bahari. Kiyoyozi kinachokula kilowati moja, kikifanya kazi kwa muda wa saa nane kila usiku katika chumba kimoja cha Capri Point, hutumia uniti nane kwa usiku. Katika majuma mawili kimekwisha kula uniti 112, yaani zaidi ya fungu la mwaka mzima la yule Mtanzania wa wastani. Lazaro hayuko mbali. Amelala langoni petu.

Je, kiasi gani chatosha? Mwaka 1985 mwanafizikia wa Brazil, José Goldemberg, pamoja na wenzake, walikokotoa kwamba katika nchi zenye joto kilowati moja kwa kila mtu, ikitumiwa kwa vyombo visivyopoteza nguvu bure, yaweza kumpa maisha yanayokaribia yale ya Ulaya Magharibi ya miaka ya 1970. Ni sawa na balbu kumi za wati mia zikiwaka usiku na mchana, na ndani yake zimo taa, jiko, jokofu, usafiri, hospitali na viwanda. Wataalamu wa Zurich, Uswisi, mwaka 1998 walipendekeza ukomo wa kilowati mbili. Mmarekani wa leo, tukijumlisha nishati za aina zote, anatumia takribani tisa. Basi kiasi cha kutosha kipo. Aliye chini yake ana haki ya kupanda. Aliye juu yake sana ana wajibu wa kushuka.

Ziwa letu lenyewe ni shahidi. Tangu miaka ya 1990 viwanda vya Mwanza vimechuna minofu ya sangara, vikaipooza kwa barafu na kuisafirisha hadi Ulaya, mingine kwa ndege, ili imfikie mlaji ikiwa mibichi. Kwetu yakabaki mapanki, yaani vichwa na mifupa. Na kwa kuwa sangara ana mafuta mengi, hakauki vema juani kama dagaa. Hudai moshi au kikaango, yaani hudai kuni. Samaki ni mmoja, nishati ni mbili: barafu kwa mwenye nacho, moshi kwa mama wa mwaloni. Kisha mama huyo huyo ndiye anayeitwa adui wa misitu!

Atasema mtu: "Padre, LUKU nanunua kwa fedha yangu halali." Naam. Hata yule tajiri wa Injili ya Luka, sura ya 16, hakushitakiwa kwa wizi. Kosa lake lilikuwa kula na kusaza huku asimwone aliyelala mlangoni. Mwingine atasema: "Maskini waridhike na maisha rahisi." Ndugu yangu, urahisi wa maisha uliochaguliwa ni fadhila; ukata uliolazimishwa ni nira. Mtakatifu Fransisko wa Asizi alijivua mwenyewe mavazi ya baba yake. Hakumvua jirani yake.

Tena nishati ya maskini ndiyo yenye hasara kubwa. Katika tanuru la udongo, zaidi ya nusu ya nguvu iliyomo ndani ya mti hupotea kabla mkaa haujafika sokoni, na inayobaki huja pamoja na moshi unaoumiza kifua. Serikali, katika mkakati wake wa mwaka 2024, imelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lengo ni jema, ila semina haziivishi maharage. Jiko hununuliwa, na mtungi hujazwa kwa fedha.

Kwa hiyo naziomba Jumuiya Ndogo Ndogo zetu: katika kikao kijacho kila familia ije na hesabu ya uniti zake za mwezi, igawe kwa idadi ya watu wa nyumbani. Wale ambao fungu lao ni kubwa kupita wote wachangie jiko na mtungi kwa familia iliyo jirani nao na ambayo bado inapuliza moto. Tukishindwa hilo, tunyamaze kuhusu mkaa wa mama wa Igombe, maana tutakuwa tunamhubiria njaa huku tumeshiba.

Nawatakieni Dominika njema. Mungu awabariki.

Baba Paroko wenu