Nyumba tupu yavishwa samani za kuazima: Mnunuzi ananunua nini?

WAHENGA walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Biashara ya nyumba jijini Dar es Salaam inaelekea kuupinda msemo huo, kwa kuwa siku hizi hata nyumba nzuri hujitembeza. Hupigwa picha ikiwa na makochi, mapazia marefu na maua juu ya meza, picha zikarushwa kwenye Instagram na katika makundi ya WhatsApp ya madalali, ilhali mwenye nyumba alikwishahama siku nyingi. Samani zinazoonekana ni za kuazima, au hazipo kabisa bali zimechorwa kwa kompyuta.

Jambo hilo si geni duniani. Nchini Marekani, mwanamke anayetajwa kuwa mwanzilishi wa kazi ya kupamba nyumba zinazouzwa, Barb Schwarz, aliianza katika eneo la Seattle mwaka 1972. Jina la kazi hiyo kwa Kiingereza limetokana na neno jukwaa, na ndivyo ilivyo: nyumba hupangwa kama jukwaa la mchezo wa kuigiza, na mtazamaji hualikwa ajione yeye mwenyewe akiishi humo.

Hoja ya wanaoitetea ina uzito. Chumba kitupu humdanganya mtu. Bila kitanda ndani yake, watu wengi hushindwa kukisia kama kitanda cha futi sita kitaingia na nafasi ya kupita ikabaki. Sauti hurudi kama pangoni, na jicho likikosa cha kutazama huhamia kwenye waya wa swichi uliochomoza na doa la dari. Mnunuzi hutoka akiwa anakumbuka doa tu.

Hata hivyo, swali la msingi ni kama mapambo hayo huongeza bei. Hapa ndipo taarifa zinapogongana. Katika uchunguzi wa mwaka 2023 wa Chama cha Kitaifa cha Mawakala wa Nyumba cha Marekani, asilimia 81 ya mawakala wa wanunuzi walisema kuipamba nyumba humrahisishia mteja kuiona kama makazi yake ya baadaye. Lakini hao walioulizwa ni mawakala, watu ambao mkate wao hutokana na nyumba kuuzwa, na walieleza wanachodhani kuhusu wateja.

Watafiti Mark Lane, Michael Seiler na Vicky Seiler waliwaendea wanunuzi wenyewe. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2015, waliwaonyesha watu 820 nyumba moja kwa njia ya kompyuta, wengine wakiiona tupu, wengine ikiwa na samani nzuri, wengine ikiwa na samani mbaya, na rangi za kuta zikibadilishwa. Samani na rangi ziliathiri namna watu walivyoipenda nyumba. Kiasi cha fedha walichokuwa tayari kulipa hakikubadilika kwa namna ya maana.

Kwa maneno mengine, makochi humvuta mteja hadi mlangoni na pengine humfanya arudi mara ya pili. Bei huamuliwa na mambo mengine, na kwa Dar es Salaam mambo hayo yana uzito wa pekee.

Yeyote anayepita mitaa ya jiji hili amekwisha kuona maandishi ya rangi nyekundu au nyeusi ukutani: "Nyumba hii haiuzwi." Huenda hilo ndilo tangazo la nyumba linaloaminika kuliko yote. Huandikwa kwa sababu ya visa vya mpangaji, ndugu au tapeli kuigeuza nyumba ya mwingine kuwa yake, akampokea mteja sebuleni na kuchukua malipo ya awali. Katika mazingira hayo, sebule iliyopambwa vizuri si ushahidi wa kitu chochote. Tapeli naye anaweza kukodi makochi.

Ndiyo maana muuzaji anayetumia fedha zake za kwanza kwenye mapazia amekosea mpangilio. Nyumba ya mjini huvutia pale hati inapokuwa mkononi, jina lililo kwenye hati linapofanana na la anayeuza, na upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati unapoonyesha kwamba haina rehani wala zuio. Kama ni mali ya marehemu, msimamizi wa mirathi awe na barua ya mahakama. Kama ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mmoja wa wanandoa kuiuza bila ridhaa ya mwenzake, na mauzo mengi yaliyofika mahakamani yalianzia kwenye saini hiyo moja iliyokosekana.

Benki nayo haidanganyiki na mito ya kochi. Mthamini anayetambuliwa chini ya Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 huangalia ardhi, ukubwa wa jengo, hali ya paa na kuta, na bei za jirani. Mnunuzi wa mkopo, ambaye taarifa za Benki Kuu mwanzoni mwa muongo huu zilionyesha kuwa hutozwa riba ya kati ya asilimia 15 na 19, atakopeshwa kwa kufuata thamani hiyo.

Haina maana kwamba nyumba iachwe iliwe na vumbi. Nyumba iliyofungwa ukanda wa pwani huharibika upesi kuliko inayokaliwa: chumvi ya bahari hula nondo za madirisha, mchwa huingia kwenye fremu, na ukungu huota nyuma ya makabati. Maji yaliyo kwenye kona ya bomba chini ya sinki hukauka, na harufu ya shimo la maji taka hupanda hadi chumbani. Mgeni akiisikia, hakuna ua litakaloiondoa. Jagi moja la maji kila wiki hutosha. Kuosha madirisha, kufyeka majani, kubadilisha balbu zilizoungua na kulipa deni la maji ni gharama ndogo kuliko kukodi seti ya makochi. Na kwa kuwa tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU, mita iliyokaa miezi bila kununuliwa umeme inaweza kumpokea mwenye nyumba mpya na deni.

Kwa upande wa mnunuzi, zulia linastahili kufunuliwa. Kitanda kinastahili kupimwa kwa futi kamba, kwani kuweka samani ndogo ili chumba kionekane kikubwa ni hila ya zamani katika kazi hii. Rangi mpya iliyopakwa upande wa chini tu wa ukuta, hadi usawa wa goti, inaweza kuwa imefunika alama ya mafuriko. Wakazi wa bonde la Msimbazi waliokumbwa na mafuriko ya Desemba 2011 wanaijua alama hiyo. Mwenye subira huirudia nyumba siku ya mvua kubwa, akiwa na fundi wake mwenyewe na si fundi aliyeletwa na dalali.

Walio katika hatari zaidi ni wale wasioweza kufunua zulia: Watanzania wanaoishi Muscat, London au Houston, wanaonunua kwa kutazama simu. Picha za samani zilizochorwa kwa kompyuta zinaweza pia kufuta ufa au nguzo ya umeme iliyo mbele ya geti. Jimbo la California limeliona hilo; kuanzia Januari 1, 2026, sheria yake inamtaka wakala anayetangaza nyumba kwa picha iliyobadilishwa kidijitali aseme hivyo wazi na aiweke picha halisi mahali ambapo mteja ataipata.

Mnunuzi aliye mbali anayeiangalia nyumba ya Kigamboni au Goba anaweza kudai jambo hilohilo bila kusubiri sheria: video moja isiyokatwa, kuanzia barabara kuu, kupitia njia ya kuingilia, geti, namba ya mita, hadi vyumbani, ikichukuliwa na mtu wake mwenyewe baada ya makochi kuondolewa.