Aliyesema "Bado" Anastahiki Heshima

Ni mila njema kwamba mtumishi anapostaafu hukusanyika wenzake, wakamsifu na kumkabidhi zawadi. Mjenzi husifiwa kwa majumba aliyoyasimamisha, na tabibu kwa wagonjwa aliowaponya. Lakini mtaalamu wa elimu ya dawa na sumu, yaani famakolojia na toksikolojia, asifiwe kwa lipi? Kazi yake ikifanywa sawasawa huwa haionekani. Mtoto aliyeepushwa na madhara hajui kwamba aliepushwa, wala mama yake hana sababu ya kwenda kutoa shukurani. Ndiyo maana watu wa fani hii husahauliwa upesi, na hasara ya kuwasahau ni yetu sisi wananchi.

Tuchukue mfano wa Dkt. Frances Oldham Kelsey, aliyestaafu mwaka 2005 akiwa na umri wa miaka 90, baada ya kuitumikia kwa miaka 45 idara ya Serikali ya Marekani inayosimamia chakula na dawa. Naye alikuwa mtu wa kisiwani: alizaliwa mwaka 1914 katika kisiwa cha Vancouver, nchini Kanada. Alipata shahada ya udaktari katika famakolojia kwenye Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1938, baadaye akasomea utabibu, kisha akafundisha famakolojia katika Chuo Kikuu cha South Dakota.

Mwalimu wake huko Chicago alikuwa Profesa E. M. K. Geiling, mzaliwa wa Afrika ya Kusini. Mwaka 1937 kampuni moja ya Marekani iliuza dawa ya maji ya sulfanilamidi iliyoyeyushwa katika kemikali ya diethilini glikoli. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwemo watoto. Maabara ya Profesa Geiling ndiyo iliyothibitisha kwamba kilichoua ni kile kiyeyushio, na binti huyu alikuwa miongoni mwa wanafunzi walioshiriki katika uchunguzi huo. Sheria ya wakati ule haikumlazimisha mtengenezaji kuthibitisha kuwa dawa yake ni salama. Kampuni ilishitakiwa kwa kosa la kuipa dawa jina lisilolingana na kilichomo, basi. Mwaka 1938 sheria ikabadilishwa.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Kelsey alishiriki katika utafiti wa dawa za malaria. Yeye na mwenzake waligundua kwamba kwinini, ambayo mwili wa sungura mzima huweza kuivunja, mwili wa sungura aliyemo tumboni mwa mama yake hauwezi. Fundisho hilo hakulisahau.

Mwezi wa Septemba 1960, akiwa na kiasi cha mwezi mmoja tu kazini, alikabidhiwa faili la thalidomidi. Dawa hiyo ya usingizi ilikuwa imeanza kuuzwa Ujerumani ya Magharibi tangu mwaka 1957, na akinamama wajawazito walipewa kutuliza kichefuchefu. Kampuni ya Merrell ilitaka kibali cha kuiuza Marekani. Kwa sheria iliyokuwapo, kama Serikali haikutoa pingamizi ndani ya siku 60, dawa ilihesabiwa kuwa imeruhusiwa. Kila siku hizo zilipokaribia kwisha, Dkt. Kelsey aliandika kwamba ushahidi haujatosha, na hesabu ikaanza upya. Kampuni ilipiga simu, ikatuma watu, ikalalamika kwa wakubwa wake. Wakubwa wake walimuunga mkono.

Mwishoni mwa mwaka huo daktari mmoja wa Uingereza aliandika katika jarida la utabibu kwamba wagonjwa wake waliotumia dawa hiyo kwa muda mrefu walikuwa wakifa ganzi mikono na miguu. Dkt. Kelsey akauliza: ikiwa dawa hii huathiri mishipa ya fahamu ya mtu mzima, inamfanya nini mtoto aliyemo tumboni? Jawabu likaja mwezi wa Novemba 1961, dawa ilipoondolewa sokoni huko Ujerumani. Duniani watoto zaidi ya 10,000 walizaliwa na ulemavu, wengi wao bila ya mikono au miguu iliyotimia. Hata Marekani hawakusalimika wote, kwani kampuni ilikuwa imekwisha kugawa vidonge zaidi ya milioni mbili kwa madaktari kwa jina la majaribio. Mwaka 1962 Rais Kennedy alimtunukia Dkt. Kelsey nishani, na mwaka huo huo sheria ikakazwa tena: mtengenezaji athibitishe kuwa dawa inaponya, na mgonjwa asifanyiwe majaribio bila ya ridhaa yake.

Maafisa wetu wana la kuzingatia hapa. Kusema "bado" peke yake si sifa. Wapo wanaosema "bado" ili faili lilale mezani mpaka mwenyewe aje na bahasha. Huo ni wizi, na mgonjwa anayesubiri dawa ndiye anayeulipia. Dkt. Kelsey alisema "bado" kwa maandishi, kwa muda uliowekwa na sheria, akataja ni ushahidi gani unaotakiwa. Afisa anayezuia kitu aulizwe sababu, na anapokuwa na sababu asiachwe peke yake mbele ya mfanyabiashara mwenye marafiki wakubwa.

Na mambo haya hayako mbali nasi. Mwaka 2022, miaka 85 baada ya msiba ule wa Marekani, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba diethilini glikoli ile ile imekutwa katika dawa za kikohozi huko Gambia, ambako makumi ya watoto walikufa. Hapa kwetu, mwezi wa Machi 2024, watu tisa, wanane kati yao watoto, walifariki katika kisiwa cha Panza, Pemba, baada ya kula nyama ya kasa. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Sisi ambao dawa zetu nyingi huvuka bahari kutufikia, na chakula chetu hutoka baharini, tunamhitaji mtaalamu wa sumu pengine kuliko watu wa bara.

Kwa hiyo hafla na zawadi hazitoshi. Profesa wa fani hii anapostaafu, tuhesabu ni wanafunzi wangapi amewaacha nyuma yake. Geiling alimwacha Kelsey, na elimu ya mwalimu huyo iliokoa watoto wasiopata hata kulisikia jina lake. Serikali iwasomeshe vijana wetu elimu hii, izipe maabara vifaa, na iwalinde wanaofanya kazi ndani yake. Nasi wananchi, shehena ya dawa inapozuiwa bandarini kwa ajili ya uchunguzi, tusikimbilie kulaani. Tuulize kilichoonekana, na tungoje jawabu.