Daftari la Wiki: Karatasi ya Sita

Mwanzoni mwa Septemba 2025, wawakilishi wadi wa Nairobi walikuwa wameshakusanya saini za kumng'oa Gavana Johnson Sakaja. Malalamiko yao yalikuwa mengi, lakini mawili yalirudiwa kila mara: basari zinachelewa, na fedha za maendeleo ya wadi hazifiki mashinani. Muda si muda hoja ikawekwa kando, baada ya Rais William Ruto na Raila Odinga kuingilia kati na kuzungumza na wawakilishi hao. Sakaja akabaki ofisini.

Fedha hizo zilikwama wapi? Mzazi wa Kayole anayesubiri basari ya mwanawe hakupewa jibu la wazi. Mwenye duka wa Eastleigh anayelipia kibali cha biashara kila mwaka hakupewa pia. Mzozo uliozuka kwa sababu ya pesa za umma ulitatuliwa na wanasiasa kwa wanasiasa, na mlipa kodi hakuitwa kwenye kikao.

* * *

Asije mtu akasema wakazi wa Nairobi ni wapole kwa viongozi wao. Tangu serikali za kaunti zianze mwaka 2013, hakuna gavana wa jiji hili aliyewahi kuchaguliwa mara ya pili. Evans Kidero aliangushwa na Mike Sonko mwaka 2017. Sonko naye alitimuliwa na bunge la kaunti Desemba 3, 2020, kwa kura 88, na Seneti ikauthibitisha uamuzi huo majuma mawili baadaye. Anne Kananu, aliyeapishwa Novemba 2021, hakuwania kiti mwaka uliofuata. Katikati ya vurugu hizo, kuanzia 2020 hadi 2022, shughuli kubwa za jiji ziliwekwa mikononi mwa idara maalumu, Nairobi Metropolitan Services (NMS), chini ya Meja Jenerali Mohamed Badi. Magavana wanne na jenerali mmoja katika muda usiotimia miaka kumi.

Hasira, basi, imepata pa kutokea. Lakini yale yaliyowakasirisha watu yamebaki palepale. Jaa la Dandora lilifunguliwa mwaka 1975, likatangazwa kuwa limejaa mapema miaka ya 2000, na hadi leo malori yanamwaga taka humo huku watoto wa Dandora na Korogocho wakivuta moshi wake. Kila gavana amelikuta na kutoa ahadi juu yake.

Kinachobadilika kwa haraka ni vitu vya kuonekana. Mwaka 2015 serikali ya Kidero iliweka mapipa kwenye mizunguko ya barabara ili kupunguza msongamano, mapipa ambayo watu wa Nairobi bado wanayataja kwa jina lake ingawa yaliondolewa kitambo. Hata mlango wa kupokelea pesa haukai: mfumo wa JamboPay ulianza 2014, Mamlaka ya Mapato, KRA, ikachukua kazi ya ukusanyaji 2020, kisha ukaja mfumo wa NairobiPay mwaka 2022. Mfanyabiashara anayelipia kibali, maegesho na kibanda hujifunza mfumo mpya kila utawala unapobadilika, na akipoteza risiti ya zamani, deni lililokwisha kulipwa linaweza kufufuka kwenye mfumo mpya.

Deni la kaunti yenyewe halibadiliki na gavana. Kufikia 2025, bili ambazo Nairobi haikuwa imewalipa wakandarasi, mawakili na wauzaji bidhaa zilikuwa zimepita shilingi bilioni 80, na jiji hili liliongoza kaunti zote 47 kwa madeni hayo. Katika mwaka wa fedha 2024/2025 kaunti ilijivunia kukusanya takriban bilioni 13.8 kutoka vyanzo vyake, kiasi ambacho haikuwahi kukifikia. Mtu akizigawanya namba hizi mbili anaona ukubwa wa shimo: hata kama kila senti iliyokusanywa ingelipa madeni tu, bila taa, bila dawa, bila mshahara wa anayefagia barabara, muhula mzima wa gavana wa miaka mitano usingetosha. Nyuma ya bili hizo kuna kijana aliyekopa benki ili auzie hospitali ya kaunti vifaa, akaishia kuuziwa gari lake na dalali. Huyo hahitaji kuelezwa kwa nini watu wamechoka.

* * *

Februari 24, 2025, malori ya kaunti yalimwaga taka mbele ya Stima Plaza, makao makuu ya Kenya Power. Kampuni hiyo ilikuwa imekata umeme kwenye majengo ya kaunti ikidai shilingi bilioni 3. Kaunti nayo ilisema inaidai kampuni bilioni 4.9, ada za nguzo na nyaya zinazopita kwenye ardhi yake. Baadaye gavana aliomba radhi.

Radhi ni jambo la kiungwana, na ilistahili kutolewa. Lakini malori yale, dizeli ile na saa za kazi za madereva wale vyote vililipiwa na wakazi, katika wiki ambayo mitaa mingi ilikuwa na taka zake zinazongoja kuzolewa. Na yeyote atakayeshinda mzozo ule, anayelipa ni mtu yuleyule: akiwa mteja wa umeme analipa kwa tokeni, akiwa mkazi wa jiji analipa kwa kodi ya ardhi.

* * *

Siku ya uchaguzi Mkenya hupewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike wa kaunti, na mwakilishi wadi. Hii ya sita ndiyo inayozungumzwa kidogo kuliko zote. Wengi huitia alama kwa kufuata rangi za chama, au kwa kukumbuka nani aliyechangia mazishi. Ilhali ndiyo inayomchagua mtu atakayepitisha bajeti ya jiji inayozidi shilingi bilioni 40 kwa mwaka, atakayepanga bei ya kuegesha gari na ya kibanda cha mama mboga, na mwenye mamlaka ya kumwita gavana ajieleze.

Nairobi ina wadi 85. Mwaka 2022 waliojiandikisha kupiga kura walikuwa 2,415,310, yaani wastani wa watu 28,000 na ushei kwa kila wadi. Zaidi ya milioni moja kati yao hawakujitokeza. Sakaja alichaguliwa kwa kura 699,392, ushindi halali na wa wazi dhidi ya mpinzani wake Polycarp Igathe, lakini ni chini ya theluthi moja ya walio kwenye daftari la wapiga kura. Waliobaki nyumbani ni wengi kuliko waliomchagua gavana. Kwenye wadi, ambako wagombea ni wengi na kura hugawanyika vipande vidogo, mtu huweza kuingia bunge la kaunti kwa kuungwa mkono na sehemu ndogo tu ya majirani zake. Kwa hiyo anayesema kura yake haina uzito amekosea zaidi hapa kuliko kwenye karatasi nyingine yoyote.

* * *

Haki itendeke pia. Mwaka 2023 kaunti ilianzisha Dishi na Kaunti, mpango wa chakula cha mchana shuleni unaoendeshwa kwa ushirikiano na shirika la Food4Education. Mtoto hulipa shilingi 5, hugusisha kikuku cha mkononi kwenye mashine na kupokea chakula cha moto. Wapo wazazi wa Mukuru na Kibera ambao kwao huu ndio ushahidi pekee kwamba kodi imerudi nyumbani. Mjadala kuhusu gharama za jikoni zile na nani alipe nini uendelee, lakini anayetaka kumwondoa kiongozi kwa haki lazima pia ataje anachotaka kibakizwe.

* * *

Sheria ya Kenya ina njia ya kumrudisha nyumbani mwakilishi kabla ya muhula kwisha. Haijawahi kumwondoa mtu hata mmoja. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu muhimu vya utaratibu huo kwa kuwa vilikuwa vya ubaguzi na vyenye masharti mazito mno kwa mwananchi. Kwa miaka mingi baada ya hapo Bunge halikuwa na haraka ya kuvitengeneza upya, jambo lisiloshangaza sana, kwa sababu wanaotakiwa kukinoa kisu ndio wanaokiogopa.

Kwingineko, njia kama hiyo inapofanya kazi, hufanya kazi kweli. Mwaka 2010 gazeti la Los Angeles Times lilifichua kwamba meneja wa mji mdogo wa Bell, California, Robert Rizzo, alikuwa akilipwa karibu dola 800,000 kwa mwaka, na madiwani wengi karibu dola 100,000 kila mmoja kwa kazi isiyo ya kutwa. Wakazi, wengi wao wahamiaji wa kipato cha chini, walikuwa wakitozwa kodi kubwa ya majengo. Machi 2011 waliwaondoa madiwani kwa kura. Rizzo alihukumiwa kifungo cha miaka 12. Lakini mlango wa mishahara ile ulifunguliwa mwaka 2005, kwenye kura ya kubadilisha hadhi ya mji ambayo haikupigwa hata na watu 400.

* * *

Dar es Salaam imepitia mengine. Halmashauri ya Jiji ilivunjwa mwaka 1996 na Tume chini ya Charles Keenja ikaendesha mambo hadi 2000, kama Nairobi ilivyoendeshwa na tume kuanzia 1983 hadi 1992. Februari 2021 Rais John Magufuli aliivunja tena, na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya mitaa, huku wapinzani wakilalamika kwamba wagombea wao walienguliwa.

Kodi ya jengo nayo, tangu 2021, hukatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Ni rahisi kukusanya, na si jambo dogo kwa nchi iliyohangaika miaka mingi na kodi hiyo. Lakini mara nyingi anayenunua umeme ni mpangaji. Huyo analipa kodi ya jengo lisilo lake bila bili wala barua, na asiyeona bili hana pa kuanzia kuuliza.

* * *

Mwishoni mwa miaka ya 1990, jumuiya ya wakazi wa Karen na Langata, Karengata, ilikwenda mahakamani kupambana na Halmashauri ya Jiji la Nairobi, ikitaka kodi ya ardhi ya wakazi iwekwe kando mpaka huduma zionekane. Lilikuwa jambo la ujasiri. Lilikuwa pia jambo la wenye hati miliki na mawakili. Mkazi wa Mathare hana kodi ya ardhi ya kuzuia. Yeye hulipa kidogo kidogo, kwenye nauli, kwenye ada ya soko, kwa kanjo, askari wa kaunti, anayepita.

Kwake na kwa mwenzake wa Karen, nafasi iliyopo ni moja na ni ya bure. Makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na Katiba, katika vifungu vya 196 na 201, inataka wananchi washirikishwe. Tangazo hutolewa magazetini, mara nyingi likibakiza siku chache, na mkutano huitishwa siku ya kazi wakati mama mboga yuko kwenye meza yake. Hilo linaweza kudaiwa libadilishwe sasa, wadi kwa wadi: mkutano Jumamosi, bajeti ya wadi kwenye ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na orodha ya miradi ya mwaka jana ikionyesha iliyokamilika na iliyokwama. Bajeti ya mwisho ya bunge hili la kaunti inatakiwa iwe imepitishwa kufikia Juni 30, 2027, siku 41 kabla ya wapiga kura kupewa tena zile karatasi sita.