Badilisha jezi, kisha uamue

Lipo swali ambalo likitajwa barazani hapa Ilongero, kahawa hupoa vikombeni bila ya kunyweka: mpira wa Stephane Aziz Ki ulivuka mstari, au haukuvuka?

Usiku wa Aprili 5, 2024, katika Uwanja wa Loftus Versfeld mjini Pretoria, Yanga walirudiana na Mamelodi Sundowns katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Shuti la Aziz Ki liligonga mtambaa panya, likadunda chini, likatoka. Picha zikapitiwa na VAR; mwamuzi Dahane Beida wa Mauritania hakutoa goli. Mechi zote mbili zikaisha bila bao, na Sundowns wakapita kwa mikwaju ya penalti, 3-2.

Wengi wetu huidhani VAR kuwa ni mashine yenye jicho lisilokosea. Sivyo. VAR ni waamuzi walioketi mbele ya runinga, nao hawaruhusiwi kuingilia kila jambo. Mwaka ule wa 2024 mipaka yao ilikuwa goli, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja na mchezaji aliyeadhibiwa kwa kosa la mwingine. Tena hawatengui uamuzi wa uwanjani ila kosa liwe dhahiri. Shaka haitoshi, hutakiwa yakini.

Teknolojia ya mstari wa goli ni kitu kingine. Hiyo huufuata mpira kwa kamera maalumu na kumjulisha mwamuzi kupitia saa ya mkononi mara tu mpira wote unapouvuka mstari wote. Ilitumika katika Kombe la Dunia la Brazil mwaka 2014, miaka minne baada ya Frank Lampard wa Uingereza kunyimwa goli mbele ya Ujerumani pale Bloemfontein, ilhali mpira ulikuwa umeingia waziwazi. Basi anayelilia goli la Pretoria na ailaumu kamera iliyokosekana mstarini kabla ya kuapa kwamba mwamuzi alihongwa. Tuhuma ya rushwa ni nzito, nayo huhitaji ushahidi wake wenyewe.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya upande wa pili. Simba walifika fainali ya Kombe la Shirikisho, wakafungwa 2-0 na RS Berkane nchini Morocco Mei 17, 2025. Marudiano yaliyotarajiwa Uwanja wa Benjamin Mkapa yakahamishiwa Amaan, Zanzibar, kwa sababu ya hali ya eneo la kuchezea. Mei 25 matokeo yakawa 1-1, na goli la Steven Mukwala likakataliwa kwa VAR kuwa ameotea. Kombe likaenda Berkane.

Hapo ndipo baraza liliponifundisha jambo. Waliokuwa wakiiita VAR wizi kwa sababu ya Pretoria sasa waliisifu kwa umakini wake. Na waliowacheka wenzao mwaka uliopita, wakiwaambia wakubali matokeo, sasa walilalamikia kamera, mistari na hata bahari iliyowatenganisha na uwanja wao. Hoja zilikuwa zilezile. Zilibadilishana wenyewe tu.

Vivyo hivyo Machi 8, 2025, Simba walipogoma kucheza na Yanga baada ya kuzuiwa kufanya mazoezi kwenye uwanja wa mechi, na mchezo ukaahirishwa. Wachache sana waliuliza kanuni inasemaje. Wengi waliuliza kwanza nani amezuiwa. Mechi ilipochezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0, na ubishi haukwisha.

Kwetu Singida jambo hili lina sura yake. Timu hizo mbili zinapokuja kucheza, mwenyeji hugeuka mgeni nyumbani kwake, kwa kuwa jukwaa hujaa kijani na nyekundu za Dar es Salaam. Sioni aibu katika hilo. Yanga ni ya mwaka 1935 na Simba ya 1936. Mapenzi hayo tumeyarithi kwa babu zetu, na utani wake ni mtamu.

Ninachokihofia ni kinachobaki utani unapokwisha. Kazi ya ukatibu hunikutanisha na mashauri ya mipaka ya mashamba na ya mirathi. Humo huwaona watu wazima wakiulizwa walichokiona, nao wakatazama kwanza ni wa ukoo gani anayeulizwa habari zake. Tabia hiyo haizuki siku ya shauri. Mtoto huianza sebuleni, akimwona baba yake akiapa kuwa penalti si halali, na wiki ya pili akiapa kuwa kosa lilelile ni penalti ya wazi.

Basi, mzazi mwenzangu, mechi ijayo jaribu jambo hili mbele ya wanao. Tukio la utata likitokea, kabla ya kusema lolote, waambie wabadilishe jezi kichwani: aliyeanguka awe wa upande wa pili, aliyekaba awe wa kwetu. Kisha waulize uamuzi wao. Nawe ujibu pia, ukweli ukikuuma, wakusikie.