Mla cha Mwenziwe na Chake Huliwa

Wakenya waliopigania kuondolewa kwa kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani, kilichofutwa Desemba 1991, hawakuteswa na kufungwa ili nchi ipate vyama vingi vya kuhesabu. Walidai Bunge litakalomsikiliza mwananchi. Vyama vilipatikana. Bunge la namna hiyo bado twalidai.

Mwenye kuuliza kilicholikwamisha na aitazame fedha. Katika uchaguzi wa 1992, kundi la YK'92 lilimwaga fedha nyingi za kampeni hata wananchi wakaipa noti ya shilingi 500 jina la Jirongo, kiongozi wa kundi lile. Agosti 2018, Bunge la Taifa lilipoitupa ripoti ya uchunguzi wa sukari ya magendo, ni wabunge wenyewe waliodai kwamba wenzao walihongwa mumo humo katika majengo ya Bunge. Na Agosti 2025, Rais William Ruto aliwashutumu wabunge hadharani kwa kupokea hongo. Serikali zimebadilika; ugonjwa haujabadilika.

Ugonjwa huu huanza kabla ya kiapo. Mgombea hutumia mamilioni ambayo mshahara wa mbunge hauwezi kuyarudisha. Basi huyapata kwa mwanakandarasi, kwa mwagizaji wa bidhaa, kwa tajiri anayeogopa ushuru. Fedha hizo huitwa mchango, lakini aliyezitoa anajua kuwa ni mkopo. Siku mswada wa kodi au ripoti ya uchunguzi inapofika Bungeni, mkopeshaji hulidai deni lake. Mla cha mwenziwe na chake huliwa. Na hapa kinacholiwa ni kura yako wewe mpiga kura.

Tusidanganywe kwamba sheria hazipo. Katiba ya 2010, kifungu cha 122, inamkataza mbunge kupiga kura katika jambo lenye faida ya fedha kwake. Kifungu cha 88 kinaipa Tume ya Uchaguzi kazi ya kudhibiti fedha za kampeni. Sheria ya Kugharimia Kampeni za Uchaguzi ilipitishwa 2013, nayo inakataza mchango usiojulikana ulikotoka. Lakini Bunge liliisimamisha sheria hiyo uchaguzi wa 2017 ulipokaribia. Mwaka 2021 Tume ilitangaza viwango vya juu vya matumizi, na Bunge la Taifa likazikataa kanuni zake. Wakenya wakaingia katika uchaguzi wa 2022 pasipo kipimo chochote. Tumeona basi wanaopaswa kufungwa na kamba wakiachiwa kuishika wenyewe na kuikata.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, sheria ya 2013 itekelezwe. Viwango vitangazwe miezi 12 kabla ya uchaguzi kama sheria itakavyo, na majina ya wachangiaji wakubwa yawekwe wazi kabla ya kura kupigwa, si baada yake. Pili, kila jambo la kodi, mikopo na kandarasi linapoamuliwa Bungeni, kura zihesabiwe kwa majina. Kelele za "ndiyo" na "la" humficha aliyenunuliwa katikati ya waaminifu. Tatu, Sheria ya Mgongano wa Maslahi ya 2025 isiachwe kabatini. Mbunge atangaze mali na biashara zake, na mwananchi aruhusiwe kuyasoma matangazo hayo.

Neno la mwisho twalielekeza kwa waumini. Julai 2024 Rais alitangaza kwamba maofisa wa serikali hawataruhusiwa kushiriki harambee. Novemba mwaka huo huo, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi aliagiza fedha alizozitoa Rais katika kanisa la Soweto zirudishwe. Lilikuwa jambo zito, kwani parokia zetu ni maskini na paa linavuja. Lakini mbunge anayetakiwa kutoa laki kila Jumapili lazima azipate mahali, na kule anakozipata ndiko atakakotii. Bahasha inayowekwa madhabahuni mbele ya kamera mara nyingi ni kandarasi iliyopunjwa, dawa zisizofika zahanati, au barabara iliyoishia katikati. Kitabu cha Kutoka, sura ya 23, kinaonya kwamba zawadi ya namna hii huwapofusha hata wenye macho.

Twajua jibu la wengi: kanisa litajengwa na nani? Litajengwa kama mengi yalivyojengwa, kwa sadaka ndogo za wenye shamba na wenye kibanda cha sokoni, hata likichukua miaka kumi. Mwanasiasa akija ibadani, apewe kiti kama muumini mwingine, naye atoe sadaka yake kwa siri kama wenzake. Akimaliza kusali, aulizwe nje ya mlango: ripoti ile uliipigia kura gani, na kampeni yako iligharimiwa na nani?

Mbunge asiyedaiwa na tajiri atapatikana tu pale ambapo wapiga kura hawamdai bahasha. Haki hiyo haitaletwa na sheria peke yake.