Nyigu Ndani ya Kuyu

Aliyekulia Ifakara hana haja ya kuelezwa mkuyu ni mti gani. Ameukwea utotoni kando ya mto Lumemo, na huenda amechapwa kwa ajili ya makuyu yake. "Yana wadudu hayo!" ndivyo mama alivyokemea.

Mama alisema kweli, ila hakuimaliza habari yenyewe.

Kuyu si tunda kama embe. Ni kifuko kilichojaa maua madogo mno yaliyogeukia ndani, ambayo nyuki wala kipepeo hawezi kuyafikia. Anayeyaletea chavua, yaani ule unga wa maua, ni nyigu wa aina moja, mdogo kuliko punje ya mchele. Jike huingia kwa kitundu kilichoko nchani mwa kuyu, na njia hiyo ni ya dhiki hata mabawa yake hukatika mlangoni. Huyapaka maua chavua aliyoichukua katika vifuko vya kifuani, hutaga mayai katika baadhi yake, kisha hufa humo humo. Maua yaliyotagiwa hulea watoto wake. Mengine huzaa mbegu.

Baada ya majuma kadhaa madume hutangulia kutoka katika vyumba vyao. Hawana mabawa. Huwaoa majike wangali vyumbani, hutoboa ukuta wa kuyu, na hapo kazi yao imekwisha. Majike hujaza chavua vifukoni na kutokea tundu hilo. Ndipo kuyu hulainika na kuwa tamu. Basi alaye kuyu lililoiva barabara hukuta wengi wamekwisha hama. (Hata hivyo mimi hulipasua kwanza.)

Yupo na mdoezi: nyigu wa aina nyingine, afananaye sana na huyo, ambaye huingia na kutaga mayai bila kuleta chavua yoyote.

Jike aliyetoka ana siku moja au mbili tu za kuishi. Mkuyu aliozaliwa haumfai tena, kwa maana makuyu ya mti mmoja huiva kwa pamoja. Hana budi kupata mkuyu mwingine wenye makuyu machanga siku hizo hizo. Upepo humsaidia. Mwaka 2009 watafiti walieleza kwamba huko Namibia, kando ya mto Ugab, nyigu hawa waliwahi kusafirishwa na upepo kilomita 160. Lakini mwisho wa safari pawe na mti. Katika bonde la Kilombero kingo nyingi za mito zimefyekwa kwa mashamba, na mikuyu haikusalimika.

Mkuyu pasipo nyigu ukoje? Tutazame Misri, ambako mti huu umepandwa tangu enzi za Mafirauni, na nyigu wake hayupo. Wakulima wa huko walizoea kuyachanja makuyu kwa kisu, moja moja, ili yaive. Hayana mbegu, mti hupandwa kwa vipandikizi.

Kima na hondohondo wa milima ya Udzungwa, juu ya Mang'ula, hawana wa kuwachanjia.